Kibaba cha Mtoto na Daftari la Jimbo

Maneno ya makatekista mbele ya Wakristu na walimu, Viwanja Sitini, Ifakara



Waheshimiwa Mapadre, Masista, baba zetu na mama zetu, nanyi walimu mnaowafundisha watoto wetu: sisi makatekista tumeombwa kusema maneno machache katika siku hizi za jubilei juu ya mambo mawili ambayo watu wengi huyatenga, yaani fedha za Kanisa na chakula cha watoto shuleni. Huenda wengine wakauliza: Je, haya ni mambo ya makatekista? Kazi yao si kufundisha Sala na Amri za Mungu? Twajibu kwamba ni kweli. Lakini mtoto tumfundishaye ni yule yule atokaye nyumbani alfajiri pasipo kula kitu, na sadaka ikusanywayo Dominika ni ile ile itazamiwayo kununua unga. Basi yatupasa kusema.

Tena neno lenyewe jubilei latuita. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliamriwa kila mwaka wa 50 wapige baragumu, mashamba yarudi kwa wenyewe, na waliojiuza kwa umaskini wawe huru. Hata bei ya shamba ilipimwa kwa kuhesabu miaka ya mavuno iliyosalia mpaka jubilei. Maana yake, jubilei si ngoma na pilau tu. Ni mwaka wa kutengeneza hesabu kati ya mtu na mwenziwe. Nasi tulio hapa Viwanja Sitini tusishangae kuambiwa habari za hesabu, kwa kuwa hata jina la mahali petu ni jina la hesabu.

I. Bonde la mpunga na mtoto mwenye njaa

Mgeni afikaye Ifakara wakati wa mavuno hustaajabu. Toka chini ya milima ya Udzungwa hata mto Kilombero, na ng'ambo yake hata Ulanga na Malinyi, mpunga umejaa mashambani. Mchele wetu wajulikana sana katika masoko ya Dar es Salaam. Kule Kidatu kuna miwa na kiwanda cha sukari, kule Mbingu watu hulima kakao, na mtoni hupatikana kambale na perege na samaki wengine. Mgeni huyo akiambiwa kwamba katika nchi hii wako watoto wakaao darasani na njaa toka asubuhi hata saa nane mchana, hatasadiki.

Lakini sisi wenyeji twajua mwaka wetu ulivyo. Mpunga huvunwa toka Mei hata Julai hivi. Mara wachuuzi huja na magari yao, na tangu daraja la mto Kilombero lifunguliwe rasmi mwaka 2018 hawana haja tena ya kungoja pantoni. Siku hizo bei huwa ndogo, kwa sababu kila mtu auza wakati mmoja, na kila mtu ana deni la kulipa. Ikifika Januari, Februari na Machi, kilichobaki nyumbani ni kidogo na bei sokoni imepanda. Nayo ndiyo miezi ya palizi, kazi itakayo nguvu nyingi. Jamaa nyingi huhamia shamba, mbali na kijiji, wakakaa katika vibanda na madungu ili kuulinda mpunga na ndege na wanyama. Hapo mtoto hupatwa na moja la mambo mawili: ama huchukuliwa shambani akaacha masomo majuma mengi, ama huachwa kijijini pamoja na bibi yake au ndugu yake mkubwa, naye hujipikia akipata cha kupika.

Walimu, ninyi mwayajua haya kuliko sisi, maana daftari la mahudhurio liko mikononi mwenu. Mahali ambapo uji au makande hupikwa shuleni, mzazi aendaye shamba ana sababu ya kumwacha mtoto masomoni, kwani ajua kwamba angalau mara moja kwa siku atakula. Mahali pasipo na sufuria, hana sababu hiyo. Wala tusidhani kwamba mtoto aliyeshinda na njaa hukosa hesabu na kusoma tu. Hukosa na dini. Tumewaona watoto wa Komunyo ya kwanza wakisinzia katika mafundisho ya mchana, nasi twajua kwamba usingizi ule si utovu wa adabu.

II. Tulikotoka

Ili tufahamu shida ya leo, yafaa tukumbuke ya zamani kidogo. Wamisionari wa kwanza katika nchi yetu walikuwa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, walioweka misioni Kwiro, karibu na Mahenge, mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya vita kuu ya kwanza, mwaka 1921, walikuja Wakapuchini kutoka Uswisi, pamoja na Masista wa Baldegg. Mwaka 1964 Jimbo la Mahenge likaundwa, na mwaka 2012 Papa Benedikto wa 16 akaligawa akaunda Jimbo letu la Ifakara, Askofu Salutaris Libena akiwa askofu wake wa kwanza.

Katika miaka ya Wamisionari shule zilikuwa nyingi, hata zile za porini zilizofundishwa na makatekista chini ya paa la nyasi. Chakula cha shule za bweni kilitoka sehemu mbili: jembe la wanafunzi wenyewe, na misaada ya Wakristu wa Ulaya. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya elimu, na shule za misioni zikatwaliwa na Serikali ili watoto wote wa nchi wasome pamoja bila kutengwa kwa dini. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa walipatana kwa mkataba juu ya elimu na afya, na shule za Kanisa zikaongezeka tena. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali, lakini chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi na jamii. Kwa hiyo watoto wetu, wawe katika shule ya Jimbo au ya Serikali, wanatazama mkono ule ule, nao ni mkono wetu.

Hapa kuna jambo moja la kuangalia sana. Fedha ya misioni ilitoka mbali, na hesabu yake ilikwenda mbali. Padre Mkapuchini aliwaandikia wakubwa wake na wafadhili wa kwao, akawaeleza kila kitu kilivyotumika, maana ndio waliotoa. Wakristu wa hapa hawakusomewa hesabu hiyo, wala hawakuiuliza, kwani fedha haikuwa yao. Hapakuwa na ubaya wowote. Leo mtoaji si mtu wa Uswisi peke yake. Ni mama auzaye vitumbua Kibaoni, ni mkulima wa Mlimba, ni mwalimu akatwaye katika mshahara wake. Mtoaji amehama, lakini desturi ya hesabu haikuhama pamoja naye. Bado mahali pengi fedha hutolewa hapa na hesabu hupelekwa juu, wala hairudi chini. Hili ndilo neno tulilokuja kulisema: hesabu na irudi kwa yule aliyetoa.

III. Kwa nini uji hukoma

Tueleze jambo tulilolishuhudia. Katika shule moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, wazazi walikubaliana kutoa kila mmoja debe la mahindi, pamoja na fedha kidogo ya kusaga na ya mpishi. Mwaka wa kwanza karibu wote walitoa. Mwezi wa tatu uji ukakoma. Watu wakaanza kunong'ona kisimani na kilabuni. Huyu akamtaja mwalimu, yule akamtaja mwenyekiti wa kamati. Kumbe hakuna aliyeiba. Upepo ulikuwa umeng'oa bati za nyumba ya mwalimu, na fedha ya kusaga ikanunua bati mpya na misumari. Mahindi yakakaa ghalani bila kusagwa, wadudu wakaingia. Kumsitiri mwalimu na mvua ni jambo jema, na hakuna mzazi ambaye angelikataa kama angaliulizwa. Lakini hawakuulizwa, wala baadaye hawakuambiwa. Mwaka wa pili ulipokuja, walioleta debe hawakufika nusu.

Watu wengi hudhani kwamba uji hukoma kwa umaskini, au kwa wizi. Wizi uko, na umaskini uko. Lakini katika shule ile mahindi yalikuwapo na mwizi hakuwapo, na uji ulikoma. Kilichokoma kwanza ni imani ya mzazi kwamba debe lake litafika mdomoni mwa mtoto. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Twaongeza kwamba hata mali isiyopotea, isipokuwa na daftari, itadhaniwa imepotea, na hasara yake ni ile ile.

IV. Mitume walivyofanya, na Kanisa linavyoagiza

Mtu asiseme kwamba kuuliza hesabu ni kukosa heshima kwa padre au kwa mwalimu. Tutazame Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa bado, limejaa Roho Mtakatifu, na Mitume wenyewe wapo. Hata hivyo palitokea manung'uniko juu ya chakula. Wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakaripia walionung'unika. Waliwaita waamini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono. Basi ushemasi, ambao leo ni daraja takatifu, ulianza kwa shida ya mgawo wa chakula.

Mtume Paulo naye, alipokusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuichukua peke yake. Twasoma katika Waraka wa pili kwa Wakorinto, sura ya 8, kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, na mmoja wao alikuwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu yeyote asipate neno la kuwalaumu juu ya fedha ile nyingi. Kama Paulo alitaka mashahidi, nani kati yetu ataona haya kuwa nao? Na tusisahau kwamba kati ya Mitume 12 aliyeshika mfuko ni Yuda, na Yohane Mwinjili asema kwamba alikuwa akichukua yaliyotiwa humo.

Kanisa limeyafanya haya kuwa sheria. Katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 492 yaagiza kila jimbo liwe na baraza la fedha, na kanuni ya 537 yaagiza vivyo hivyo kwa kila parokia. Kanuni ya 1267 yasema kwamba kile waamini walichokitoa kwa kusudi fulani kisitumike ila kwa kusudi hilo. Kanuni ya 1284 yawataka wasimamizi waandike vizuri yaliyoingia na yaliyotoka, na kutoa taarifa kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 yaagiza waamini wapewe hesabu ya mali waliyolitolea Kanisa. Kwa hiyo Mkristu aulizaye kwa adabu, Je, debe langu lilifika wapi? hajafanya uasi. Ameomba kitu ambacho sheria ya Kanisa imempa.

V. Hesabu ya kibaba

Sasa tushuke katika hesabu yenyewe, kwani wengi huogopa jambo hili wakidhani ni la fedha nyingi mno. Tuchukue mfano wa shule ya watoto 200. Tuseme kila mtoto apate gramu 150 za unga wa dona na gramu 40 za maharage kwa siku. Unga wa siku moja ni kilo 30, maharage kilo 8. Mwaka wa masomo katika nchi yetu una siku zipatazo 194. Basi kwa mwaka mzima shule yahitaji kilo 5,820 za mahindi, ndiyo magunia 58 ya kilo 100 na kilo 20 juu yake, na maharage kilo 1,552.

Magunia 58 yatisha. Lakini tugawe kwa watoto. Kila mtoto ahitaji kilo 29 na kidogo za mahindi kwa mwaka, yaani debe moja na nusu na kitu juu yake, na maharage yasiyofika kilo 8. Ni watu wachache katika bonde hili wasioweza kutoa hayo wakati wa mavuno. Ni wengi wasioweza kuyatoa mwezi wa Februari. Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: chakula cha mwaka kikusanywe Juni na Julai, ghala la mkulima likiwa limejaa. Asiye na mahindi atoe mpunga. Wa Mbingu auzaye kakao atoe fedha. Mvuvi atoe samaki wakavu. Vyote vipimwe kwa mizani mbele ya mtoaji, viandikwe kwa jina lake, naye apewe stakabadhi.

Shule inunuayo kwa fedha nayo itazame majira. Tuseme kwa mfano tu kwamba gunia ni Shilingi 50,000 mwezi wa Julai na Shilingi 90,000 mwezi wa Februari. Magunia 29, yaani nusu ya chakula cha mwaka, yakinunuliwa Julai badala ya Februari, yaokoa Shilingi 1,160,000. Fedha hiyo yaweza kumlipa mpishi, kununua kuni na kusaga. Yusufu katika nchi ya Misri hakufanya neno jingine: aliweka akiba wakati wa shibe, akawalisha watu wakati wa njaa.

VI. Ghala, jiko na daftari

Kuweka ni kazi. Bonde letu lina unyevu mwingi, na mahindi yakiwekwa mabichi huota ukungu, na ukungu mwingine huleta sumu kuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi mahindi yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, yakauke hata yalie kama changarawe yakitikiswa. Yachambuliwe, punje mbovu zitupwe, wala wasipewe kuku. Kisha yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa na kupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Na yasagwe dona, maana sembe hupoteza pumba na kiini, pamoja na nguvu nyingi za chakula.

Juu ya daftari twashauri mambo matano. Kwanza, mlango wa ghala uwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili wasio wa jamaa moja. Pili, daftari la ghala liwe na safu tatu tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kila siku atiaye sahihi awe mwalimu wa zamu pamoja na mpishi. Tatu, kilichotoka kilinganishwe na mahudhurio. Ikiwa siku moja watoto waliohudhuria ni 170, unga upasao ni kilo 25 na nusu. Ikiandikwa kilo 30, ziko wapi kilo 4 na nusu? Kwa siku 20 za mwezi zimekuwa kilo 90, karibu gunia zima. Hesabu hii haihitaji mhasibu aliyesoma chuoni. Mtoto wa darasa la tano aiweza. Nne, kila mwisho wa mwezi karatasi moja ibandikwe ukutani shuleni na mlangoni pa kanisa, yenye yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki. Tano, fedha ya chakula ikaliwe na sanduku lake au akaunti yake peke yake. Likitokea jambo la haraka, kama zile bati za mwalimu, waitwe kwanza waliotoa, waulizwe. Wakikubali, iandikwe kuwa ni mkopo, na siku ya kurudishwa itajwe.

VII. Mtoto ambaye mzazi wake hakutoa

Tumefika penye neno gumu. Uji umeiva, watoto wamepanga mstari na vikombe vyao, na katika mstari yumo mtoto ambaye baba yake hakutoa debe. Afanyweje? Wako wanaosema: Aondolewe, ili baba yake aone haya, maana tukimlisha huyu, mwaka ujao hakuna atakayetoa. Neno hili lina sababu, wala hatulidharau. Waliotoa wametoa kwa jasho, na mvivu yuko.

Lakini tutazame hesabu. Tuseme katika watoto 200, wazazi wa 20 hawakutoa. Wale 180 wakichukua mzigo wote, kila mmoja hutoa kilo 32 na kidogo badala ya 29. Kwa siku ni nyongeza ya gramu 17 hivi, kiasi cha mahindi yasiyojaza kiganja. Hayo ndiyo mahindi tunayotaka kuyaokoa kwa kumtoa mtoto katika mstari mbele ya wenziwe! Tena kati ya hao 20 wamo yatima, wamo wanaolelewa na bibi mzee, wamo ambao shamba lao lilichukuliwa na mafuriko. Deni ni la mzazi. Tumbo ni la mtoto. Mzazi awezaye lakini hataki aitwe na kamati, aitwe na jumuiya yake, aambiwe usoni, na asiye na mahindi atoe siku za kuchota maji au kuleta kuni. Mtoto ale.

Nchi tajiri nazo zimejikwaa katika jambo hili. Marekani iliweka sheria ya chakula cha mchana shuleni mwaka 1946. Hata hivyo, miaka mingi baadaye shule nyingine huko zilikuwa zikiwaaibisha watoto wenye deni, zikiwapiga muhuri mkononi au kuwanyang'anya chakula na kukitupa. Hata mwaka 2017 New Mexico, mojawapo ya nchi zilizoungana kuwa Marekani, ikaweka sheria ya kukataza aibu hiyo. Tusianze sisi pale ambapo wengine walipaona pabaya wakaondoka.

VIII. Mifano miwili ya jirani

Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1979 kuwapa watoto wa shule za msingi maziwa ya bure, yaliyoitwa Maziwa ya Nyayo. Watu waliosoma siku zile huyakumbuka hata leo kwa furaha. Lakini maziwa yalitoka katika mfuko mmoja, mfuko wa Serikali. Mfuko ulipopungua, katika miaka ya 1990, mpango ulidhoofika hata ukakoma.

Kule Malawi, mwaka 2002, chama kiitwacho Mary's Meals kilianza kuwapikia uji watoto 200. Leo kinalisha watoto zaidi ya milioni 2 katika nchi nyingi. Fedha nyingi za chama hiki hutoka kwa watu wa mbali wanaotoa kidogo kidogo. Lakini wapikao ni wanakijiji wenyewe, kina mama waamkao usiku wa manane kuwasha moto kwa zamu bila mshahara. Twajifunza kwamba sufuria yenye wenyewe wengi haizimiki upesi. Msaada wa mbali ukija Ifakara tuupokee kwa shukrani, tuutolee hesabu. Ila usiwe jiwe pekee la mafiga. Mafiga ni matatu: mzazi, parokia na Jimbo.

Kazi ya Jimbo katika mafiga haya ni kusawazisha. Parokia zetu hazilingani. Zilizo karibu na viwanda, reli na barabara si sawa na zile za mabondeni zinazozingirwa na maji wakati wa masika. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba wingi wa hawa ufae upungufu wa wale, ili pawe na usawa. Basi kila parokia ipelekapo fungu lake Jimboni kwa ajili ya watoto, ipate kujua lilikwenda shule gani, kilo ngapi, vinywa vingapi. Parokia iliyotoa ikisikia hivyo, mwaka ujao itatoa tena.

IX. Tunayowaomba

Wazazi, twawaomba kila jumuiya ndogo ndogo ijue hesabu ya watoto wake wa shule, na wakati wa kuvuna itenge debe za watoto kabla mchuuzi hajafika. Mkisha kuziuza, hamtaziona tena.

Walimu, twawaomba mshike daftari la ghala kama mshikavyo daftari la mahudhurio. Twajua kwamba kazi zenu ni nyingi na mshahara hautoshi, na daftari hili ni mzigo juu ya mzigo. Lakini ndilo litakalowalinda siku watu watakaponong'ona. Mwalimu mwaminifu asiye na daftari hana cha kujibu.

Viongozi wa vigango na parokia, twawaomba msiwaonee uchungu wanaouliza. Aulizaye bado ana moyo wa kutoa. Aliyeacha kuuliza ndiye wa kuogopwa, maana ameacha na kutoa.

Nasi makatekista twajitoa kwa kazi iliyo yetu: kila mwisho wa mwezi, baada ya matangazo ya Dominika, tutasoma mbele ya watu karatasi ya hesabu ya chakula cha watoto, kigango kwa kigango, tukipewa. Tusipopewa, tutasema kwamba hatukupewa.

Papa Francis, aliyefariki mwaka 2025, katika barua yake ya kutangaza Jubilei ya mwaka huo aliomba fedha za silaha zigeuzwe kuwa mfuko wa kuondoa njaa duniani. Hatuna silaha za kugeuza. Tuna debe, mizani, kufuli mbili na kitabu chenye safu tatu. Mungu aliyewalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili aliwaagiza Mitume wakusanye mabaki, nao wakayahesabu, wakapata vikapu 12. Naye atubariki sisi, na watoto wetu, na wale wote watakaowapikia.

Milele na milele. Amina.